Kunyamaza kwa Mwenye Njaa, Je, Ni Ridhaa?

Limeletwa swali katika darasa letu zaidi ya mara moja, na walioleta ni watu wa kazi: mpishi wa hoteli, dereva, mlinzi wa usiku, na kijana afanyaye kazi katika chumvi upande wa Gongoni. Maneno yao yalitofautiana lakini jambo lao ni moja. Mtu amepatana na tajiri wake juu ya kazi fulani, kwa saa fulani na kwa ujira fulani. Miaka imepita na kazi yaendelea. Siku moja aitwa afisini, awekewa karatasi mezani, na aambiwa kwamba tangu mwezi ujao mshahara utakuwa pungufu, au saa zitazidi, au yeye si mwajiriwa wa mwezi tena bali ni kibarua wa siku. Atie saini au ashike njia. Naye ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana deni la duka. Atia saini. Je, karatasi ile ni mapatano? Na tajiri akisema, "Alikubali mwenyewe," je, amesema kweli?

Wako watakaosema kuwa hili ni jambo la mawakili na maafisa wa kazi, halina mlango katika darasa la dini wala katika mazungumzo ya tabia njema. Twawajibu kuwa hapana siku ipitayo ila watu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Kilifi huajiri au huajiriwa, na jambo lifanywalo kila siku ndilo lipasalo kupimwa kila siku. Wako na wengine wasemao, "Riziki ni ya Mungu, basi mtu na ashukuru alichopewa." Maneno haya ni ya kweli yakisemwa na yule aliyepunguziwa, kwa kujituliza nafsi yake. Yakisemwa na yule aliyempunguzia, huwa ni kejeli. Riziki ni ya Mungu, hapana shaka. Lakini dhulma si ya Mungu, na hapana ruhusa ya kumsingizia.

Basi na tuanze na msingi. Mapatano ya kazi ni kitu gani?

Wanazuoni wa madhhabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhhabu ya watu wengi wa pwani hii, wameiweka ijara jirani na biashara. Mwenye kuajiriwa ni muuzaji: auza manufaa ya mikono yake na sehemu ya umri wake. Mwenye kuajiri ni mnunuzi. Na kama vile mauzo hayasihi ila kitu kijulikane na bei ijulikane, kadhalika ijara haisihi ila kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ikisha kufungika, ni mafungamano ya lazima kwa pande zote mbili, wala hapana mmoja wao awezaye kuyavunja peke yake kwa kuwa mambo yake yamemgeukia. Wanazuoni wa Kihanafi wamelegeza hapa, wakasema kuwa udhuru mzito waweza kuyafungua. Lakini kuyafungua mapatano ni jambo moja. Kuyageuza peke yako, kisha ukamfunga mwenzako kwa ulichokigeuza, ni jambo jingine kabisa, na hilo hapana udhuru ulihalalishao.

Tuchukue mfano wa sokoni. Mtu ameagiza kitanda kwa seremala kwa shilingi 30,000. Seremala ameranda miguu, ametoboa, ameunga, kitanda kimefika nusu. Hapo mnunuzi aja na kusema, "Nimefikiri upya, nitakupa 20,000, na godoro ulitafute wewe." Mji mzima utamcheka mtu huyu, na wazee watamkemea. Lakini tajiri akimfanyia hivyo mtu ambaye ameuza siku zake badala ya mbao, twaita ni mabadiliko ya utaratibu. Je, siku za mtu zina thamani ndogo kuliko mbao za mvule? Mbao zaweza kununuliwa nyingine. Siku iliyopita hairudi.

Katika Suratul Qasas kuna kisa ambacho watu wengi hukisoma kwa ajili ya harusi, nacho kina somo la kazi. Nabii Musa alipokimbia Misri alifika Madyan hana nyumba, hana ndugu, hana chakula. Alikaa kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kuwa ni muhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Yule mzee wa Madyan alipomwita, alikuwa na mtu mwenye njaa mbele yake, mgeni anayetafutwa, ambaye angekubali sharti lolote. Naye mzee alisemaje? Alitaja muda: miaka minane. Akaongeza kuwa Musa akitimiza kumi, basi hiyo ni hisani itokayo kwake Musa. Akasema kuwa hataki kumtia mashakani. Na Musa naye akajibu kuwa muda wowote katika miwili hiyo atakaoutimiza, asifanyiwe jeuri juu yake, na Mwenyezi Mungu ni wakili juu ya wanayoyasema.

Tutazame mambo matatu hapa. La kwanza, mwenye nguvu hakuutumia unyonge wa mwenzake. Angeweza kusema miaka ishirini, na Musa hakuwa na pa kwenda. La pili, mzee alitamani ziada, wala hakuona haya kuitaja. Lakini aliiweka mkononi mwa mfanya kazi, iwe yake kuitoa au kuizuia. La tatu, aliyewekewa sharti naye alisema. Kauli ya mfanya kazi imo ndani ya mapatano, na imehifadhiwa hata leo twaisoma. Na imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi. Aliyeombwa alitoa zaidi ya aliyolazimishwa. Matajiri wetu wangalilifahamu hili, wangaliona kuwa kuomba kuna faida hata katika hesabu za biashara.

Hili la kauli ya mfanya kazi latupeleka kwenye jambo ambalo watu wa pwani hawapendi sana kulitaja. Mashamba ya Malindi ya karne ya kumi na tisa, yaliyopeleka mtama na ufuta mpaka Arabuni, yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Basi twauliza: siku ile ilipofika, ni kitu gani kilichobadilika? Jembe ni lile lile, jua ni lile lile, na wengi walibaki katika ardhi zile zile. Wako mabwana waliowalisha watumwa wao vizuri, na wako matajiri leo wanaowalisha vibarua wao vibaya; kwa hiyo tofauti si chakula. Tofauti ni kwamba mtumwa haulizwi. Aamkapo asubuhi aweza kukuta kazi yake imekuwa nyingine, saa zake nyingine, na mahali pake pengine, na hapana mtu aliyehitaji kumwambia kabla. Mwajiriwa ni mtu ambaye lazima aulizwe. Ukimwondolea kuulizwa, umemwachia jina la uhuru na kumnyang'anya maana yake.

Sasa tulikabili swali lenyewe. Atasema tajiri: "Mimi sikumpiga mtu wala sikumfungia mlango. Nilimwekea karatasi, naye akachagua. Kama njaa yamlazimisha, njaa hiyo sikuileta mimi."

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupitwa mbio. Kwani kweli, mvuvi aliyerudi na samaki jioni, hana barafu, huuza kwa bei ndogo kwa sababu ya haja, na mauzo yake yasihi. Wanazuoni wamepambanua baina ya mwenye kulazimishwa na mtu, ambaye mapatano yake hayana hukumu, na mwenye kubanwa na haja, ambaye mapatano yake yasimama, ingawa ubinadamu wataka asaidiwe badala ya kuvunwa. Kama kila mkataba wa mwenye haja ungekuwa batili, maskini hangeweza kununua wala kuuza, na tungekuwa tumemfungia milango kwa kumhurumia.

Lakini mfano wa mvuvi haulingani na jambo letu, na hapa ndipo tajiri anapochanganya mambo mawili. Yule mnunuzi wa samaki hakuwa na deni kwa mvuvi. Hapakuwa na ahadi baina yao. Walikutana ufuoni, mmoja na pesa, mwingine na samaki. Kijana anayekuja kuomba kazi mara ya kwanza ni kama mvuvi yule. Lakini mtu aliyekwisha kuajiriwa hayuko ufuoni tena. Yuko ndani ya ahadi. Tajiri amekwisha kujifunga kwake kwa ujira fulani na kazi fulani, na ahadi ni deni. Basi anapomwambia, "Tia saini au uondoke," hampi kitu kipya achague. Anamtishia kumnyima kile ambacho tayari ni haki yake. Mnunuzi wa samaki ametumia njaa aliyoikuta, tajiri huyu ametumia deni lake mwenyewe kuwa silaha, akamwambia anayemdai, "Nisamehe nusu, au hupati hata hiyo nusu." Anayedaiwa akisema hivyo, na mdai akakubali kwa hofu, hapana hakimu atakayeita maneno yale msamaha.

Hapa mtu mwenye akili aweza kutupinga na kusema: "Lakini tajiri aweza kumtoa mtu kazini kwa notisi. Ikiwa kumtoa ni halali, vipi kumtishia kumtoa kuwe si halali?" Jawabu ni kwamba kumtoa mtu bila ya sababu ya haki si halali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri athibitishe sababu yake ya kumwachisha mtu, na iwe sababu ya haki, na utaratibu uwe wa haki. Na ikiwa kazi kweli imepungua, sheria hiyo hiyo imeonyesha njia: notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanya kazi au kwa mwenyewe na afisa wa kazi, kuchagua kwa kipimo cha haki wa kuondoka na wa kubaki, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tajiri mkweli aweza kupita njia hiyo: alipe anachodaiwa, afungue mafungamano ya zamani, kisha aseme, "Nina kazi mpya, na ujira wake ni huu." Hapo huyo mtu yuko ufuoni tena, naye ana kitu mfukoni. Karatasi ile ya "tia saini au uondoke" mara nyingi ni hila ya kuikwepa njia hiyo: kupata faida ya kumwachisha mtu bila ya kulipa gharama ya kumwachisha.

Basi na tuitazame sheria, kwani wengi walioonewa hawakuijua. Sheria hiyo ya 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe, na yataje kazi, saa, mshahara na mengineyo. Ikiwa mfanya kazi hajui kusoma au haifahamu lugha iliyoandikwa, mwajiri apaswa kumfafanulia kwa lugha anayoifahamu. Na katika kifungu cha 10 imesemwa kuwa likibadilika lolote katika yaliyotajwa, mwajiri aurekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanya kazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Kushauriana, si kutangaza. Mwenye kushauri huja kabla ya kukata neno, husikiliza, na aweza kurudi na neno lililobadilika. Anayekuja na karatasi iliyokwisha pigwa chapa, iliyobakia mahali pa saini tu, huyo ametangaza. Na kwa mwenye kibarua cha muda mrefu, sheria yasema kuwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi, hata kama daftari la tajiri lamwita kibarua. Juu ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, imempa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi. Mahakama ya ajira, ambayo hukaa Malindi pia, si ya matajiri peke yao.

Atasema tena tajiri: "Nyinyi mwakaa msikitini, hamjui biashara. Wageni wasipokuja, nilipe kwa nini?" Hili nalo si la kudharauliwa. Mji wetu waishi kwa misimu. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga milango. Na mwaka 2020 tuliona lililo zito zaidi: mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na mwezi wa Aprili ikakatazwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Ndege za nje hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Hoteli zikawa tupu kama makaburi. Wafanya kazi wengi walipelekwa likizo bila ya malipo, na wengine wakakatwa mshahara. Je, matajiri wote wale walikuwa madhalimu?

La. Dharura ni dharura, na sheria ya Kiislamu yaitambua. Lakini wanazuoni wameiwekea mpaka: kinachoruhusiwa kwa dharura hakipiti kadiri ya dharura yenyewe. Kwa hivyo twapendekeza mizani ya mambo manne, ambayo tajiri yeyote mwenye kumcha Mungu aweza kujipima nayo.

Kwanza, je, dharura ni ya kweli? Asemaye kuwa hana kitu na aonyeshe hesabu. Mwenye kumtaka mwenzake asamehe haki yake kwa sababu ya hali fulani, hana haki ya kumficha hali hiyo. Pili, je, walishauriwa kabla? Tatu, je, mzigo umegawanywa? Chombo kikipigwa na dhoruba hutupwa shehena ya kila mtu kwa kadiri yake. Haitupwi ya mabaharia ikabaki ya mwenye chombo. Ikiwa mpishi amekatwa nusu na meneja hakukatwa hata senti, hiyo si dharura, ni uchaguzi wa nani aumie. Nne, je, kuna siku ya mwisho? Hapa ndipo wengi walipoanguka. Wageni walirudi, vyumba vikajaa, taa zikawaka, na ule mshahara uliopunguzwa kwa muda ukasahauliwa kurudishwa. Kilichoanza kwa udhuru kikaishia kuwa ni faida. Mtu akikuazima ngalawa wakati wa kimbunga, huwi mwenyewe kwa kuwa kimbunga kimepita na yeye hakuja kuidai.

Na yako mabadiliko yasiyoandikwa hata katika karatasi, nayo ndiyo ya hatari zaidi. Tajiri haugusi mshahara, augusa kipimo. Mkata mkonge amepatana kwa mafungu kadhaa kwa siku. Mafungu yabaki yale yale lakini kila fungu laongezwa majani. Mvuna chumvi apatana kwa eneo, na eneo lasogezwa hatua mbili. Mtumishi wa hoteli apatana kwa vyumba kumi; mwenzake aondoka, hapaletwi mwingine, na vyumba vyawa kumi na sita. Hapana aliyesema kuwa mkataba umebadilika. Watu wetu huisoma Suratul Mutaffifin na kumfikiria muuza unga na kibaba chake. Mwenye kumzidishia mtu kazi bila ya kumzidishia ujira naye amepunja kipimo. Tofauti ni kuwa yeye amepunja umri badala ya unga. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya kampuni za chumvi za ukanda wa Magarini, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Pamoja na malalamiko ya ardhi na maji, yalisikizwa pia ya hali ya wafanya kazi. Mji ukishasikia, hauwezi tena kusema haukuambiwa.

Lakini twaogopa msomaji atakunja karatasi hii na kusema, "Hayo ni ya wenye hoteli na makampuni." La, hasha. Itazameni nyumba zetu. Msichana aletwa kutoka Ganze au Kaloleni kwa kazi ya kulea mtoto mmoja. Mwezi wa pili apewa na nguo za nyumba nzima. Mwezi wa tatu apikishwa. Ikifika Ramadhani akaanga bajia za kuuzwa jioni mpaka usiku, na ujira wake ni ule ule wa kulea mtoto mmoja. Hapana aliyemwuliza, na akinung'unika huambiwa hana shukrani. Uitazameni bahari yetu. Mabaharia wa mashua wamezoea mgao wao. Mwenye chombo anunua mashine, na fungu la mashine na la petroli latolewa kwanza. Haki yake huenda ikawa kweli, kwani mashine ina gharama. Lakini aliwaambia lini? Kabla ya kutweka, au baada ya samaki kufika mchangani? Na itazameni misikiti yetu na vyuo vyetu. Mwalimu wa watoto aliyepatana na kamati kwa kiasi fulani hupunguziwa michango ikipungua, na huambiwa kazi yake ni ya thawabu. Thawabu ni ya Mungu kuitoa, si ya kamati kulipia deni lake.

Na kuna lililo chungu zaidi kwa Waislamu kulisema. Wasichana na vijana wa pwani hii wamekwenda kwa maelfu kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Katika wao wako waliotia saini hapa mkataba wa kazi fulani kwa mshahara fulani, na walipofika huko wakawekewa mwingine, wa mshahara mdogo na kazi nyingi, kwa lugha ambayo hawakuisoma, na pasi zao zimeshikwa na tajiri. Jambo hili limeelezwa na warudio na limeandikwa na watetezi wa haki mara nyingi. Mwenye kulifanya huenda akasimama usiku wa Ramadhani nyuma ya imamu asomaye kisa cha Madyan, asijue kwamba kisa kile chamhusu. Hadithi iliyomo katika Bukhari yataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mtesi wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kwa ukamilifu, asimpe ujira wake. Hadithi haikutaja dini ya huyo mwajiriwa, wala kabila lake, wala kama alinyamaza au alilia.

Uadilifu wataka tumwambie mfanya kazi naye. Mapatano yanamfunga tajiri na yanakufunga wewe. Fundi achukuaye pesa za kutangulia kisha asionekane, naye amebadilisha mkataba. Mlinzi alalaye, mfanya kazi aondokaye saa tisa na daftari lasema saa kumi na moja, naye amepunja kipimo. Asiyetimiza lake hukosa ulimi wa kudai la mwenzake.

Na kwa yule aliyewekewa karatasi, tuna nasaha. Usitie saini siku ile ile; omba siku mbili, kwani mwenye haki hakimbizwi. Omba nakala, na usomewe kwa Kiswahili. Usiende peke yako ikiwa mmepunguziwa wengi; nendeni pamoja, na ikiwa kuna chama, kiambieni. Na ikiwa huna budi kuendelea na kazi, basi endelea, lakini andika barua fupi kuwa hukubaliani na mabadiliko, nawe wafanya kazi huku ukihifadhi haki yako. Barua ile ni muhimu. Kanuni ya mafakihi ni kuwa aliyenyamaza hasingiziwi kauli. Lakini wameongeza kuwa kunyamaza mahali ambapo kusema kwahitajika kwaweza kuhesabiwa ni kauli. Mahakama nazo zaweza kuuliza kwa nini mtu alipokea mshahara mpungufu miezi mingi bila ya neno. Na kudai kuna muda wake, nao ni miaka mitatu. Karatasi moja iliyoandikwa leo yaweza kukusemea siku ambayo utahitaji shahidi.

Basi jawabu letu kwa walioleta swali ni hili. Saini iliyotolewa kwa kutishiwa kunyimwa haki iliyokwisha kuwepo si ridhaa, hata ikiandikwa kwa wino mzuri. Tajiri asemaye, "Alikubali mwenyewe," amesema nusu ya neno. Nusu iliyobaki ni kwamba hakumwachia njia nyingine ila njaa. Mabadiliko yenye haki ni yale ambayo mwenye nguvu ameyataja mapema, ameonyesha sababu yake, amesikiliza jawabu, na amekuwa tayari kusikia "la". Pasipo uwezekano wa "la", "naam" haina thamani.

Mwenye karatasi ambayo hakuifahamu na aje nayo siku ya darasa, baada ya sala ya Isha. Wako kati yetu wanaosoma Kiingereza na wanaoijua sheria, na itasomwa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hajaitia saini. Na mwenye wafanya kazi, ambaye ana nia ya kubadilisha neno katika kazi yao, naye na aje. Ni kheri aulize hapa kabla ya kubadilisha, kuliko kuulizwa huko baada ya kubadilisha.